Barua kwa mpwa wangu aliyepangiwa wanafunzi wa kuwasimamia

Mpwa wangu,

Assalamu alaykum. Mama yako amenifikishia habari kwamba mwaka huu, mbali na vipindi vya darasani, umepangiwa wanafunzi wa kuwasimamia katika tasnifu zao. Hongera sana. Nakuandikia hadharani kwa sababu haya ndiyo niliyokuwa nikiwaambia walimu vijana kila walipokabidhiwa kazi hiyo, na huenda yakawafaa na wenzako.

Darasani sikuhofii, kwani somo unalijua na wanafunzi wanakupenda. Kazi iliyo ngumu ni ile ya ofisini, pale mwanafunzi mmoja anapoketi mbele yako na karatasi zake. Sisi watu wa Visiwani tumelelewa kumstahi mkubwa na kumwitikia, kwa hiyo mwanafunzi akikwambia "Sawa, mwalimu", usifanye haraka kuamini kwamba ameelewa. Mtake akueleze kwa maneno yake mwenyewe kile atakachokwenda kukifanya kesho, kisha unyamaze umsikilize, hata kimya kikirefuka. Na umwache aseme kwa Kiswahili. Tasnifu ataiandika kwa lugha inayotakiwa na chuo, lakini swali la utafiti ambalo hawezi kumweleza bibi yake wa Micheweni akafahamu, huwa bado hajalifahamu yeye mwenyewe.

Kuna mwanafunzi aliyeniletea mada ya athari za mabadiliko ya tabianchi kwa wakulima wa mwani wa Zanzibar. Mada ya namna hiyo ukiikubali kama ilivyo, utaletewa kurasa mia moja ambazo zingeweza kuandikwa na mtu asiyewahi kukanyaga pwani. Sikumkatalia, bali nilimuuliza ni mwani upi, kijiji gani, na nani aliyemwambia kwamba kuna tatizo. Alijua kuwa kilimo hiki cha biashara kilianzia upande wa Paje na Jambiani mwaka 1989 na kwamba wakulima wengi ni wanawake. Hakujua kwamba cottonii, mwani wenye bei nzuri, ndio unaoathirika zaidi maji yanapopata joto, na kwamba spinosum, aina ya pili ya mwani, huvumilia ingawa malipo yake ni madogo. Nikamwambia aende Paje wakati wa bamvua, bila ya dodoso, awafuate akina mama kwenye vigingi na kamba zao maji yakiwa yamekupwa, na awasaidie kufunga mbegu.

Aliporudi alikuwa na swali jingine kabisa. Ushauri uliokuwa ukitolewa ni kwamba mwani uhamishiwe kwenye kina kirefu ambako joto ni pungufu, naye alitaka kujua ni mwanamke yupi atakayefika huko, ikiwa chombo ni cha mume au cha kaka na wengi wao hawajui kuogelea. Swali hilo nisingeweza kumpa mimi, kwa kuwa sikuwahi kulifikiria. Kazi iliyonibakia ilikuwa ni kumzuia asilitanue tena likarudi kuwa la Zanzibar nzima.

Vibali vya utafiti wanafunzi wako wavianze mapema, na kabla ya kuingia shehia yoyote wamwone sheha, kiongozi wa serikali wa mahali hapo.

Ama kusahihisha, usimrudishie mwanafunzi sura nzima iliyojaa wino mwekundu, kwani ataona aibu na hatajifunza. Chukua kurasa mbili za mwanzo, mzipitie sentensi kwa sentensi naye akiwa ubavuni mwako, kisha zilizobaki azirekebishe mwenyewe kwa mfano huo. Na uwe unasoma kwa wakati. Mtoto aliyetoka Pemba akapanga chumba Mjini, na ambaye mkopo wake una kikomo, ukiiweka sura yake mezani kwa miezi miwili ni yeye anayelipa kodi ya nyumba kwa ajili ya uvivu wako.

Atakuja pia mzazi na kikapu cha maembe. Mkaribishe, mzungumze, na kikapu aondoke nacho. Alama zikishatoka, maembe yatakuwa maembe tu.

Jina lako lisiingie kwenye makala ya mwanafunzi kwa sababu tu ulikuwa msimamizi wake. Ikiwa mlichambua data pamoja na ukaandika sehemu yako, hapo una haki, na hilo mkubaliane mwanzoni, kabla ya makala kuandikwa. Najua kwamba kupanda cheo kunategemea makala, na kwamba wapo wakubwa watakaokuona mjinga. Waache waone hivyo. Na anayekuomba barua ya kumpendekeza, ilhali huna jema la kumwandikia, mwambie siku hiyo hiyo ili awahi kutafuta mtu mwingine.

Mwezi ujao nitavuka kuja Unguja, inshallah. Niwekee lile pendekezo la utafiti linalokusumbua kuliko yote, tulisome pamoja.

Wasalaam,
Mjomba wako, Wete