Saa iliyokosea Dhahran

Ndugu yangu Rashidi,

Barua yako nimeipata juzi na nimeisoma mara tatu. Kwanza pokea hongera zangu kwa ajili ya kijana. Kuchukuliwa kikosi cha mawasiliano kwa uwezo wake wa kompyuta ni heshima kubwa, nami najua ni nani aliyekesha naye akimfundisha hesabu. Mfikishie salamu zangu, na mama yake pia.

Sasa swali lako. Umeniuliza, mimi niliyezeekea kwenye mitambo, kama ni kweli kwamba mtoto anayekaa na kompyuta na setilaiti vita vitamkuta mbali. Unasema mama yake anamshukuru Mungu kwa kuwa hatabeba bunduki. Nimelala na swali hilo siku mbili, maana yule ni mwanangu pia, na sitaki kukujibu kwa maneno ya kukupoza tu.

Watu wengi wakisikia vita vya anga za juu huona roketi zikifukuzana gizani. Kuvunja setilaiti kunawezekana, na mataifa kadhaa yamekwisha kujaribu. Januari 2007 China iliipiga setilaiti yake kuukuu ya hali ya hewa, ikapasuka vipande zaidi ya 3,000 vinavyoonekana kwa rada, na vingi mpaka leo vinazunguka. Novemba 2021 Urusi nayo ilivunja ya kwake, na wanaanga waliokuwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, Warusi wenyewe wakiwemo, wakalazimika kujifungia ndani ya vyombo vya kurudia duniani, tayari kuondoka. Vipande havimjui mwenyewe. Ndiyo maana anayetaka kumuumiza adui kupitia angani hutafuta njia zisizo na kishindo: kumzibia masikio, kumdanganya macho, kumharibia saa.

Hapo kwenye saa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo watu wasipopatazama. Setilaiti za GPS ziko juu yetu kiasi cha kilomita 20,000, na kila moja imebeba saa za atomiki. Hazimwoni mtu wala hazijui yuko wapi. Kila moja hutangaza tu bila kuchoka: mimi niko hapa, na sasa ni saa hii. Kifaa kilichoko mkononi mwako hulinganisha matangazo ya nne au zaidi, kikakokotoa chenyewe mahali ulipo. Mawimbi hayo hukimbia karibu mita 300 katika sehemu moja ya milioni ya sekunde, kwa hiyo saa ikikosea kwa kiasi hicho tu, umeshapotea mita 300. Tena mawimbi yakifika chini ni dhaifu mno, hata mtambo mdogo wa kuyavuruga unaweza kuyafunika eneo zima.

Unakumbuka miaka ile nilipokuwa fundi wa minara ya simu? Kuna mnara mmoja ulitutesa karibu wiki nzima. Mtu akiongea akiwa amesimama, anasikika vizuri. Akianza kusogea kuelekea mnara wa jirani, simu inakatika. Tukabadilisha kadi, tukabadilisha nyaya za umeme, tukailaumu programu. Mwisho nikapanda mwenyewe, nikafungua kiungio cha waya wa antena ya GPS, kile kidude cheupe chenye umbo la uyoga, na maji yakanimwagikia kiganjani. Ndani kulikuwa na kutu ya kijani. Mnara ulikuwa hauzisikii setilaiti tena. Ukawa unahesabu saa kwa kichwa chake, na kila siku ukawa unaachana na wenzake kidogo, kidogo sana, mpaka ukashindwa kuwakabidhi simu. Nilikaa pale juu na kile kiungio mkononi muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyohitaji.

Sasa nikupeleke Dhahran, Saudia, usiku wa tarehe 25 Februari 1991.

Vita vile vya Ghuba, Marekani na washirika wake walipoitoa Iraki Kuwait, wengi wameviita vita vya kwanza vya anga za juu, na wana sababu. Majeshi yalikata jangwa lisilo na njia wala mlima wa kulengea, yakifuata GPS, ingawa mfumo wenyewe ulikuwa haujakamilika. Vifaa vya kijeshi vya kupokea mawimbi havikutosha, hata jeshi likanunua vya kiraia kwa maelfu, na wapo askari walioletewa na jamaa zao kwa posta. Juu zaidi, karibu kilomita 36,000, kulikuwa na setilaiti za Marekani zenye jicho la kuona joto, zikijizungusha mara sita kwa dakika. Zilitengenezwa kuchunga makombora makubwa ya Wasovieti, lakini vitani ziliona hata moto wa makombora ya Scud ya Iraki yakiruka, na onyo likashushwa mpaka jangwani.

Huko chini mitambo ya Patriot ya Marekani ndiyo iliyosubiri kuyadungua. Rada yake ikiona kitu, kompyuta hukisia kitu hicho kitakuwa wapi punde ijayo, kisha hutazama kidirisha hicho tu cha anga. Kitu kikionekana kidirishani, ni kombora. Kisipoonekana, mtambo huhesabu kwamba hapakuwa na kitu. Na ili kukisia vizuri lazima ujue muda umepita kiasi gani.

Saa ya kompyuta ile ilihesabu sehemu za kumi za sekunde. Hapa ndipo penye mwiba, Rashidi. Kompyuta huandika namba kwa sifuri na moja peke yake, na katika uandishi huo moja ya kumi haiandikiki ikaisha, kama vile sisi tusivyoweza kuandika theluthi moja kwa desimali ikaisha. Kompyuta ilikuwa na nafasi 24 tu za kuiandikia, mkia uliobaki ukakatwa. Kilichopotea kila ilipohesabu kilikuwa kama sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde, kitu ambacho hakuna binadamu angekihisi. Lakini mtambo uliokuwa ukilinda pale ulikuwa umewashwa zaidi ya saa 100 bila kupumzishwa. Makombo yale yakajilimbikiza mpaka yakafika sekunde 0.34. Kombora la Scud hukimbia zaidi ya mita 1,600 kwa sekunde. Kidirisha kikawa kinatazama zaidi ya nusu kilomita pembeni.

Mtambo ulitazama mahali patupu, ukaamini hapakuwa na kitu, haukufyatua. Kombora likashukia bohari lililogeuzwa bweni la askari. Walikufa 28. Kumi na tatu kati yao walitoka kikosi kimoja kidogo cha akiba kutoka Pennsylvania, ambacho kazi yake ilikuwa kusafisha maji ya kunywa. Walikuwa na siku sita tu tangu wawasili.

Linaloniuma zaidi ni hili. Kosa lilikuwa limeshajulikana. Tarehe 11 Februari Waisraeli, waliokuwa na mitambo hiyohiyo, walitoa taarifa kwamba baada ya saa nane tu za kuwashwa, kidirisha huanza kuhama. Watengeneza programu wakarekebisha. Tarehe 21 vikosi vikatumiwa ujumbe kwamba mtambo ukiendeshwa muda mrefu sana, kidirisha kinaweza kuhama. Muda mrefu sana. Ujumbe haukusema ni saa ngapi. Wakubwa walidhani hakuna atakayeuacha mtambo ukiwaka hivyo, kwa kuwa ulibuniwa kuhamahama, na kila ukihama huzimwa. Walioko jangwani nao wakasoma ujumbe, wakaona wao hawajafika huko. Kuuzima na kuuwasha upya, jambo la dakika moja au mbili, kungeirudisha saa kwenye sifuri. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran tarehe 26 Februari, kesho yake. Hayo yote yameelezwa katika ripoti ya wakaguzi wa Bunge la Marekani ya mwaka 1992, na mimi kila nikiisoma hukwama kwenye neno lile, sana.

Nikupe na upande wa pili, usije ukadhani nasema mashine ni adui. Usiku wa tarehe 26 Septemba 1983, Luteni Kanali Stanislav Petrov alikuwa zamu katika handaki la Serpukhov-15, kusini ya Moscow, ambako Wasovieti walipokea habari za setilaiti zao za kuchunga makombora. Wiki chache kabla ndege yao ya kivita ilikuwa imedungua ndege ya abiria ya Korea Kusini, watu 269 wakafa, na dunia ilikuwa imekaza misuli. King'ora kikalia. Kompyuta ikasema Marekani imerusha kombora moja, kisha mengine, jumla matano, na ikasema ina uhakika kamili.

Petrov alikuwa mhandisi. Aliujua mfumo ule ulivyo mpya na ulivyoharakishwa. Akajiuliza ni nani aanzaye vita kama hivyo kwa makombora matano tu. Rada za ardhini hazikuona kitu. Akapiga simu kwa wakubwa wake akasema ni kosa la mtambo, kisha akakaa akisubiri dakika zipite, bila njia yoyote ya kujua kama amesema kweli. Baadaye ilibainika kuwa ni mwanga wa jua ulioakisiwa na mawingu ya juu, jicho la setilaiti likauona kama moto wa roketi. Alifariki mwaka 2017. Huyo naye hakuwa na bunduki mkononi usiku ule, Rashidi. Alikuwa na kiti, skrini na simu, kama atakavyokuwa navyo mwanao.

Usidhani hayo ni ya zamani. Tarehe 24 Februari 2022, kama saa moja kabla majeshi ya Urusi hayajavuka mpaka kuingia Ukraini, kuna watu waliingia kwenye mtandao wa ardhini unaosimamia huduma ya intaneti ya setilaiti ya KA-SAT. Setilaiti yenyewe hawakuigusa. Walituma amri kwa modemu za wateja, vile visanduku vya kupokelea intaneti, amri zinazofanana na zile halali, na modemu zikafuta kumbukumbu zao zikawa vipande vya plastiki. Shabaha ilikuwa Ukraini, ambako jeshi nalo lilitumia huduma hiyo. Lakini Ujerumani mitambo 5,800 ya umeme wa upepo ikakosa mawasiliano na wasimamizi wake. Iliendelea kuzunguka bila mtu wa kuisikia. Mei mwaka huo Umoja wa Ulaya, Uingereza na Marekani zikaitaja Urusi kuwa ndiyo iliyofanya. Uone basi: setilaiti moja, modemu ya aina moja, askari na mwenye shamba la upepo wamekaa kwenye waya mmoja. Mkataba wa mwaka 1967 unakataza kuweka silaha za nyuklia kwenye mzingo wa dunia, nami naushukuru kwa hilo, lakini amri ya kufuta kumbukumbu ya modemu walioandika mkataba hawakuiwaza.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana. Hatakuwa mbali. Risasi huenda zikamkosa, ingawa hata hilo siwezi kukuahidi, maana anayetuma mawimbi hutafutwa kwa mawimbi hayohayo, na antena mara nyingi ni miongoni mwa vitu vya kwanza kulengwa. Ila usiku utakuja ambapo skrini itamwambia jambo, na maisha ya watu asiowaona yatategemea kama ameliamini au amelikataa. Mweleze mama yake kwa upole. Usimfiche.

Wala simkatazi asiende. Kama kazi hiyo lazima ifanywe na mtu, afadhali ifanywe na yule mtoto aliyekuwa akinishika mkono na kuniuliza kwa nini redio hukoroma ukipita chini ya nyaya za umeme. Ninalotaka ni kwamba akiletewa ujumbe wenye neno kama "muda mrefu sana", asiuweke faili. Ainue simu aulize ni saa ngapi, na akijibiwa vibaya aulize tena, hata kama anayemjibu ana nyota nyingi mabegani.

Mpe kazi moja kutoka kwangu. Penseli na karatasi, kompyuta aiweke pembeni. Aandike moja ya kumi kwa sifuri na moja tu, akomee tarakimu ya 23 baada ya nukta, maana nafasi moja kati ya zile 24 hutangulia nukta, atafute kilichokatwa ni kiasi gani, kisha akizidishe kwa kila sehemu ya kumi ya sekunde iliyomo ndani ya saa 100. Asitafute jibu kwa watu. Karatasi hiyo aniletee mwenyewe kabla hajaripoti kambini. Jumamosi na Jumapili zote za mwezi huu nipo nyumbani.

Nduguyo,
Hamisi