Barua ya wazi kwa vijana wa mtaa wetu mliotangaza kugombea

Wanangu, asalaam aleikum, na nyinyi wa dini nyingine hamjambo.

Juzi pale barazani kahawa haijapoa mmoja wenu alitoa neno limeninyima usingizi. Alisema ahadi ni za kampeni tu, ukishaingia ndani chama ndicho kinaamua, na wenzake wakaitikia. Sikumjibu palepale manake ingeonekana ugomvi. Sasa najibu, na nitawatajia mtu hamkumtarajia, Mzungu, tena mtu wa chama cha Conservative cha Uingereza damu damu, jina lake Iain Macleod.

Alizaliwa 1913 Yorkshire, mtoto wa daktari, asili yao Scotland. Ujanani alikuwa bingwa wa karata za bridge, kuna wakati alikuwa anakula kwa karata. Vita vikamvunja mguu kule Ufaransa 1940, halafu kukaja ugonjwa wa uti wa mgongo ule wa kugandisha mifupa, hata shingo kugeuza ikawa kazi, na aliishi na maumivu hayo mpaka mwisho. 1945 aligombea visiwa vya magharibi ya Scotland akashika mkia. Miaka 5 baadaye akaingia bungeni, na 1952 akasimama kumjibu Aneurin Bevan, mtu aliyekuwa akiogopwa kwa ulimi, Waziri Mkuu Churchill akiwa amekaa anasikiliza, na haikuchukua muda akapewa Wizara ya Afya.

Lakini sisi yatuhusu zaidi kuanzia Oktoba 1959, alipofanywa Waziri wa Makoloni. Mwezi wa tatu mwaka huo, hapa hapa kwetu Hola, kwenye kambi ya wafungwa wa Mau Mau, wafungwa 11 walipigwa mpaka wakafa, na serikali ikajaribu kwanza kusema ni maji waliyokunywa. Wazee wetu waliijua Hola kabla London haijaijua. Macleod naye alikuja kukiri kwamba yale ya Hola yalimsadikisha kuwa mambo ya Kenya yabadilike haraka. Januari 1960 akaitisha mkutano wa Lancaster House kule London kuhusu katiba ya Kenya, wajumbe wa Kiafrika wakagoma siku za mwanzo kwa ajili ya Mbiyu Koinange, waliyemtaka awe mshauri wao akazuiwa, kukavutana weee, na mwisho mlango ukafunguka wa Waafrika kuwa wengi katika baraza la kutunga sheria. Masetla waliona wameuzwa. Michael Blundell, Mzungu mwenzao aliyekubali mpango ule, aliporudi Nairobi alitupiwa mfuko wa sarafu 30 pale uwanja wa ndege, aitwa Yuda. Na huko London Lord Salisbury, mkubwa kabisa katika chama chao, alisimama 1961 akamsema Macleod kuwa mjanja kupita kiasi, ati amewachezea masetla kama anavyocheza bridge.

Msinielewe vibaya. Uhuru haukuletwa na Macleod, watu walifungwa na kufa kwa ajili yake, na hata yeye alimwacha Mzee Kenyatta kizuizini mpaka Agosti 1961, jambo ambalo mimi binafsi siwezi kumpongeza nalo. Simleti kwenu awe shujaa. Namleta kwa sababu ya 1968.

Mwaka huo nilikuwa na miaka 11. Duka ya pembeni yetu ilikuwa ya jirani Muhindi, mtu aliyekuwa akinipa peremende ya bure nikitumwa mafuta ya taa. Familia yao walikuwa na paspoti za Kiingereza, wamezihifadhi ndani ya kopo la biskuti, manake baada ya uhuru hawakuchukua uraia wa Kenya, waliambiwa paspoti hizo zitawafungulia Uingereza siku wakihitaji. Sasa leseni za biashara na vibali vya kazi vikaanza kuwabana huku, na kule Uingereza serikali ya Labour, wapinzani wa Conservative, ikaleta mswada wa kuwafungia mlango wote wasio na mzazi au babu wa huko. Februari ile nilimuona yule baba akifunga sanduku kwa kamba ya katani, mikono inatetemeka, na mizani yake ya duka akampa mama yangu. Ile mizani iko kwangu mpaka leo.

Mswada ule ulipitishwa kwa siku chache tu. Wananchi wa Uingereza wengi waliutaka, viongozi wa Conservative hawakuupinga, na aliyekuwa mstari wa mbele kutaka mlango ufungwe ni Duncan Sandys, yule yule aliyesimamia uhuru wetu kwa niaba ya Uingereza. Macleod alikuwa katika baraza la mawaziri siku ahadi ilipotolewa. Akamwandikia Sandys barua ya wazi kwenye gazeti la Spectator, mtu wa chama chake mwenyewe, akamwambia tuliahidi na tulijua tunachoahidi. Kisha akapiga kura kupinga. Hakuna Muhindi wa Mombasa aliyekuwa mpiga kura wake, wanangu, hata mmoja, na kule jimboni kwake hakupata faida yoyote kwa jambo lile.

Alishindwa, lazima niwaambie. Sheria ilipita. Na kabla ya hapo 1963 alikataa uwaziri chini ya Alec Douglas-Home kwa kuona uongozi umepangwa na kikundi kidogo gizani, akakaa nje, na uwaziri mkuu hakuupata maisha yake. Alipewa Wizara ya Fedha Juni 1970, na mwezi mmoja tu baadaye, tarehe 20 Julai, moyo ukasimama akiwa na miaka 56.

Kwa hivyo siwadanganyi kwamba neno lako ukilitimiza utapanda cheo. Ninalowaomba ni hili: msiahidi stendi, msiahidi basari, msiahidi hati za mashamba kwa mama zetu kule nyuma ya reli, kama hamjajiuliza mtafanya nini siku chama kitakaposema hapana.

Jumapili baada ya alasiri nitakuwa barazani. Kila mmoja aje na daftari, ahadi zake zimeandikwa kwa mkono wake, tuzisome kwa sauti mbele ya watu. Mizani ya yule jirani nitakuja nayo muione. Kahawa juu yangu.

Mzee wenu