Fasti klasi ya Kenya ikifika Ujerumani inakuwa 2.5

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi niseme kuhusu vijana wetu wanaotuma maombi ya masta Ujerumani, manake kuna wanaoachwa nje na hesabu tu na hawajui. Kule 1.0 ndiyo bora kabisa na 4.0 ndiyo ya mwisho ya kupita, na alama za nje wanazigeuza kwa fomula ya Bavaria: chukua alama ya juu ya mfumo wako utoe uliyopata, gawanya kwa tofauti ya ile ya juu na ya chini ya kupita, zidisha mara 3, ongeza 1.

Sasa mtoto wa Kenya ana wastani wa 70, hiyo ni fasti klasi, daraja la kwanza la digrii, nyumbani mbuzi ashachinjwa. Ukiweka 100 kuwa alama ya juu na 40 ya kupita, anatoka na 2.5, na kozi nyingi za masta kule mwisho wao ni hapo hapo 2.5! Mwenye sekondi apa, yaani daraja la pili la juu, ya 65 anapata 2.75, huyo hata faili yake haisomwi. Lakini mwenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako A pia inaanzia 70 ila wanatumia GPA, yaani wastani wa pointi za masomo, ya juu 5 na ya kupita 2, akiwa na A kila somo hata kama zote ni za 71, 72, anahesabiwa 5 kamili na anatoka na 1.0. Jameni, kazi si ni ile ile?

Shida ni hiyo 100, manake hakuna anayemaliza digrii hapa na wastani wa 100, wahadhiri wetu husahihisha kwa mtindo wa Uingereza na 75 tu ni ya kupigiwa makofi. Vyuo vya Ulaya vyenyewe hushauriwa kuambatanisha jedwali la wanafunzi wangapi walipata kila alama. Transkripti zetu, yaani hati za matokeo, zinaandika A ni 70 hadi 100, basi.

Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilazimishe kila transkripti ionyeshe wangapi walipata fasti klasi mwaka huo na wastani wa juu kabisa wa darasa ulikuwa ngapi, rekodi si ziko kwa msajili. Na nyinyi mnaoomba mwaka huu msingoje tume, kaombeni barua ya msajili yenye hayo mapema, maombi mengi ya muhula wa Oktoba hufungwa 15 Julai au hata kabla.

Mzazi, Eldoret