Bustani iko wazi, ufunguo anao mlinzi

Mhariri,

Jumapili nilikwenda kwenye bustani ya umma ya mtaani kwetu, ile yenye alama ya kiti mwendo langoni. Natumia kiti mwendo mwaka wa tisa sasa, na alama hizo nimezizoea. Nyingi ni rangi tu.

Hii si rangi tu, lazima niseme. Mteremko wa kupandia umepimwa vizuri: kila sentimita moja ya kwenda juu imepewa sentimita 12 za urefu, nikaupanda kwa mikono yangu bila kumwomba mtu anisukume. Njia zinatosha viti viwili kupishana, na zimeshindiliwa. Changarawe ingenimaliza, magurudumu madogo ya mbele huzama, ukabaki unachimba shimo palepale. Tena vitalu vya maua vimeinuliwa, chini yake pameachwa nafasi ya magoti. Nilichuma jani la mnanaa bila kuinama. Kwa mwenye miguu hilo si habari, najua.

Shida iko langoni. Ili pikipiki zisiingie, wameweka vyuma ambavyo mtu hupenya kwa ubavu. Kiti hakipenyi. Pembeni kuna geti pana lenye kufuli, ufunguo anao mlinzi, na mlinzi alikuwa ametoka. Nilimsubiri dakika 40. Kijana mmoja, kwa wema kabisa, alitaka kunibeba anivushe kama gunia. Mlinzi alirudi, akafungua, akafunga, akaondoka tena. Kwa hiyo wakati wa kutoka nikasubiri upya, safari hii nikiwa ndani.

Pikipiki ni kero kweli, sibishi. Wala kupanua uwazi kati ya vyuma si dawa, maana panapopita kiti, pikipiki nayo mara nyingi hupita. Lakini Uingereza wana mpango, tangu 1981, wa ufunguo mmoja unaofungua vyoo vingi vya watu wenye ulemavu nchini, na mwenye kuuhitaji hutembea nao mfukoni. Wasimamizi wa bustani yetu wanashindwa nini kutugawia ufunguo wa geti moja? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, Ibara ya 30, unataja burudani na mapumziko waziwazi, kwa hiyo siombi hisani.

Kuhusu choo sina maoni. Nacho kilikuwa na kufuli.

Msomaji wako,
Mtumiaji wa kiti mwendo