Barua kwa somo yangu aliye Muscat: rudi tusikilize Queen

Mjini Unguja

Kwako somo yangu,

Salamu nyingi zikufikie huko Muscat, wewe na wote wa nyumbani kwako. Sisi hatujambo. Mvua za vuli zimeshaanza, mama anaendelea vizuri na kila akikaa barazani hukuulizia. Nimeona nikuandikie barua badala ya kukupigia, kwa sababu kwenye simu nikilitaja tu grupu letu la mashabiki wa Queen, ile bendi ya roki ya Uingereza, unanikatiza, nami safari hii nataka unisikilize mpaka mwisho.

Najua kwa nini ulijitoa. Ulikuwa umetoka kuangalia ile klipu ya Juni 2022, Queen na mwimbaji Adam Lambert wakifungua tamasha la Jubilei ya Malkia Elizabeth mbele ya Kasri la Buckingham, ukaandika grupuni kwa moyo mweupe kwamba Lambert anaimba vizuri na kwamba umemfurahia mpiga gitaa Brian May. Bwana mmoja wa grupuni akakurukia, akakuita shabiki wa sinema, eti umeijua Queen baada ya ile filamu ya 2018 juu ya bendi hiyo. Wewe, ambaye tangu tukiwa skuli ulikuwa ukijifungia chumbani na kanda za kaka yako! Wengine wakacheka kwa vikaragosi, na mimi nilikuwa nimeshalala. Asubuhi naamka naona umeshatoka.

Ulichokosa kukiona ni kwamba siku ya pili msimamizi alifuta maneno yale yote, akamtaka bwana yule aombe radhi hadharani, na akaomba. Hakuomba kwa kulazimishwa tu. Baadaye alinifuata pembeni kuniuliza namba yako ili akuombe radhi mwenyewe. Sikumpa bila idhini yako. Juu ya Lambert, mimi niko upande wako. Yuko na Brian na mpiga ngoma Roger Taylor tangu 2011, na muda wote huo hajajaribu kumuiga marehemu Freddie Mercury, mwimbaji wao wa zamani, wala kuvaa sura yake. Brian na Roger ndio wenye bendi, na kama wao wanataka nyimbo zile ziendelee kupigwa mbele ya watu, sioni sisi tuna haki gani ya kuwanunia.

Basi, tangu siku ile grupu limebadilika. Tumeacha yale mambo ya kutumiana picha usiku kucha na kuchambua maradhi na mapenzi ya marehemu. Sasa kila wiki tunachagua wimbo mmoja. Jumamosi usiku kila mtu anavaa hedfoni, tunahesabiana, tunabonyeza pamoja, tunausikiliza wote kimya mpaka uishe, kisha ndipo watu wanaanza kuzungumza. Kila mmoja anasikia kwa sikio la kazi yake, na hilo ndilo lililonifanya niipende Queen upya, mimi niliyedhani nimeshaimaliza.

Unamkumbuka yule dada wa Bujumbura anayepiga gitaa la besi kanisani? Zamani alikuwa hasemi, anatuma dole gumba tu. Siku tuliyochagua "Another One Bites the Dust" akatuma voisi ndefu, besi mkononi, anaupiga polepole ule mstari wa John Deacon, mpiga besi wa Queen. Katikati akasimama. "Sikieni hapa," akasema, "hapa hapigi kitu." Akarudia. Noti tatu zilizo sawa, nzito, halafu pengo, kisha zile za haraka haraka. Akatueleza kwamba vijana anaowafundisha wanaogopa kimya, wanataka kulijaza lile pengo kwa vidole, na wakilijaza tu wimbo unakufa. Kisha akaupiga ukiwa umejazwa, na kweli ulikufa! Wimbo huo ulishika namba moja Marekani mwaka 1980, na Michael Jackson ni mmoja wa waliowahimiza wautoe kama singo. Nimeusikia maisha yangu yote, na kumbe kinachoniinua kitini ni pale Deacon anaponyamaza.

Deacon ndiye ambaye ningependa tukae tumzungumze mimi na wewe siku nzima. Wote wanamtaja Freddie, na Brian wanamtaja kwa lile gitaa alilolitengeneza na baba yake kuanzia 1963 kwa mbao za meko ya zamani na vifungo vya lulu vya kisanduku cha kushonea cha mama yake. Yote kweli, na yanastahili. Lakini Deacon alikuja wa mwisho, 1971, kijana wa miaka 19 anayesoma elektroniki chuoni London, na alikuwa hasemi. Katika zile sauti za kwaya studio humsikii, ni Freddie, Brian na Roger wanaojirudufu. Freddie alipofariki Novemba 1991 Deacon alivunjika, na tangu 1997 amejitenga kabisa na muziki. Wenzake wanapanda majukwaani, yeye amebaki nyumbani kwake. Grupuni hakuna anayemlaumu. Tukifika kwake watu wanaandika kwa adabu.

Sasa nikueleze habari ya fundi wetu wa Mombasa, yule mtengeneza redio. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Deacon alikuwa akirudi nyumbani usiku London, akaona nyaya zinaning'inia kwenye jalala la mtaani. Akazivuta, zikatoka na saketi yake. Akaipeleka nyumbani, akaitia ndani ya kasha la spika ndogo ya kuweka rafuni, akaiunganisha na betri ya volti 9. Hakuweka swichi wala kitufe cha kupandisha sauti: ukichomeka betri inawaka, ukiichomoa inazimika. Alitaka tu kitu cha kufanyia mazoezi. Brian May alipochomeka gitaa lake humo akasikia sauti ambayo mashine kubwa za studio hazikuwa nayo, na tangu hapo akaitumia miaka na miaka. Mashabiki wanaiita Deacy.

Tulikuwa tumechagua "Good Company" ya 1975. Usikilize tena ule mwisho, somo, ile bendi nzima ya jazi yenye tarumbeta na klarineti. Hakuna tarumbeta. Yote ni gitaa la Brian kupitia kile kisanduku, mstari juu ya mstari, kipande kwa kipande, mpaka ikawa bendi. Fundi wetu aliposikia hilo hakulala. Akafungua redio kuukuu iliyokuwa imelala kibandani kwake, akatoa bodi yenye transista za jermaniamu, zile za zamani za vichwa vya bati ambazo siku hizi ni adimu, akailehemu upya akiwa ameitandika juu ya gazeti, huku anatutumia picha kila hatua. Akaifunga ndani ya kasha la spika ya gari, akamwita mpwa wake na gitaa. Voisi aliyotuma ilitoka sauti nyembamba, ya puani, inakwaruza pale kijana anapopiga kwa nguvu na inalainika anapoiachia. Si Deacy yenyewe. Lakini ilikuwa jamaa yake wa karibu, na sote tulisikia!

Halafu akatuambia jambo ambalo bado linanizunguka kichwani. Watu waliochunguza saketi ya Deacon baadaye walibaini ilitokana na redio ya mkono ya Supersonic, kampuni iliyokuwa ikiunda redio kusini mwa Afrika miaka ya 1960. Fikiria. Redio ya aina ile ile ambayo babu zetu walikuwa wakiifunga kitambaa ili isiingie vumbi, moyo wake umo ndani ya albamu za Queen. Mimi nilikuwa jikoni nakuna nazi, nikaacha mbuzi nikatoka uani kutembea kidogo.

Basi hapo ndipo nikakukumbuka sana, maana kila fundi amepata zamu yake, na zamu yako imefika nawe haupo.

Wimbo tuliochagua sasa ni "Mustapha". Unaujua, ndio unaofungua albamu ya 1978, Freddie anaanza peke yake bila ala, anaivuta ile sauti, kisha bendi inamjia nyuma kidogo kidogo mpaka inalipuka. Maneno yake ni mchanganyiko, mengine ya Kiarabu, mengine hayaeleweki ni ya lugha gani. Kwenye maonyesho ya 1979 mara nyingi alikuwa akiuimba ule mwanzo tu, mbele ya maelfu ya watu, kisha anaingia "Bohemian Rhapsody". Na juu ya mwanzo huo grupu limegawanyika.

Mzee wetu wa Leicester, Uingereza, anasema ni maqamu ya hijazi, ile ngazi ya noti ya muziki wa Kiarabu, tena safi. Kijana wa Dar anakataa, anasema ni mtu wa roki anayechezea sauti za Mashariki kama alivyochezea opera. Wakaingia kwenye utoto wake. Kijana anasema Freddie alipelekwa skuli Panchgani, India, akiwa mdogo mno, na huko ndiko alikojifunza piano na kupiga kwenye bendi ya wanafunzi, kwa hiyo Unguja haikumpa kitu. Mzee akamjibu kwamba alizaliwa hapa Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, na alipomaliza India alirudi akawa hapa, kijana wa miaka 17, mpaka mapinduzi ya 1964 yalipowatoa yeye, wazazi na dada yake wakaenda kuishi Feltham, Uingereza. Kijana wa umri huo ana masikio.

Wote wawili wananigeukia mimi kwa sababu mimi ndiye niko Unguja. Wanataka niwapigie picha nyumba ya Shangani, yalipofunguliwa makumbusho 2019, nami huwapigia, siwanyimi. Watalii wamejaa mlangoni, kila mtu anajipiga picha. Lakini picha ya mlango haijibu swali la mzee. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba familia yake ilikuwa ya Kiparsi, dini yao ni nyengine, na bado hakuna anayeweza kuishi Mji Mkongwe asisikie adhana mara tano kwa siku, misikiti ilivyosongamana, huyu anaanza kabla yule hajamaliza. Jioni nimesimama pale nikasikiliza kwa makusudi, simu mfukoni. Mimi naamini sauti zile alizibeba. Ila kuamini kwangu si ushahidi, na sina sikio la kupima.

Wewe unalo. Wewe uliyekuwa ukikaa pale Forodhani na kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, mapajani, unapandisha na kushusha vile vijichuma mpaka mwalimu anatikisa kichwa kwamba sasa ndiyo. Uliwahi kunisimamisha barabarani kwa sababu fidla ya redioni ilikuwa imeshuka robo. Katika sisi wote hakuna anayeweza kusikiliza pumzi ile ya kwanza ya Freddie na kusema: hapa ni hijazi, hapa ametoka nje, hapa ameteleza na hapa ameteleza kwa makusudi. Mimi nimejaribu kwa kinanda cha watoto, nikapata noti karibu zote, lakini zipo mbili anazozipinda ambazo kinanda hakinazo. Ni hizo mbili ninazotaka uzisikilize.

Na si kwa ajili ya kumshinda kijana wa Dar. Huenda ukasema yeye ndiye aliye sahihi, na nitafurahi vile vile, maana tutakuwa tumejua. Yule bwana aliyekukosea ndiye aliyesema wa kwanza, mbele ya wote, "Tunamhitaji dada wa kanuni." Nimekunukulia kama alivyoandika. Hakuna aliyecheka.

Nimezungumza na msimamizi, ameniachia kiungo cha kukurudisha, nitakutumia ukiniambia ndiyo. Wimbo tumeuahirisha mpaka Jumamosi ya wiki ijayo, saa tatu usiku huku kwetu, huko kwenu itakuwa saa nne. Chukua hedfoni nzuri, usisikilize kwa spika ya simu. Kama hutaki kuandika mbele ya watu, nitumie mimi voisi pembeni, na ukinipa ruhusa nitaipeleka. Lakini ningependa kanuni isikike humo, hata kwa noti tano tu, uwapigie ngazi yake kisha umpigie Freddie juu yake.

Wasalimie wanao, na mwambie mdogo wako kaniki nilizomuahidi nitampa mtu anayesafiri mwezi huu. Usinijibu kwa dole gumba. Nijibu hizo noti mbili ni zipi.

Ni mimi somo yako