YAH: Malalamiko kuhusu seti ya mwanzo ya moduli za sinthesaiza

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nilinunua kwenu seti ya moduli za Eurorack, mfumo wa sinthesaiza ya vipande vinavyofungwa kwenye kasha moja na kuunganishwa kwa kebo, inayotangazwa kuwa imekamilika kwa mtu anayeanza, yaani kasha la upana wa HP 84 (HP ni kipimo cha upana wa moduli na kasha), saplai yake ya umeme, moduli na kebo za kuunganishia, na tangazo lenyewe linaahidi kwamba mnunuzi hatahitaji kuongeza kitu chochote ili apige muziki. Risiti, picha na nakala ya majibu ya mshauri wenu nimeviambatanisha. Sidai kwamba moduli ni mbovu. Kila moja ikipimwa peke yake inafanya kazi yake, na filta hasa, yaani moduli ya kuchuja sauti, ina sauti nzuri kuliko nilivyotarajia. Ninacholalamikia ni uteuzi wake. Aliyezikusanya amechagua zile zinazopendeza kwenye picha na kuziacha zile ambazo bila hizo nyingine hazitoi muziki, kisha mkusanyiko huo ukauzwa kwa jina la seti kamili.

Pengo kubwa kuliko yote ni VCA, yaani amplifaya inayoongozwa kwa volti. Ndani ya seti kuna osileta mbili za kutoa mlio, filta, LFO (osileta ya polepole ya kutikisa moduli nyingine), envelopu moja (inayotoa volti ya kupanda na kushuka kwa kila noti), sikwensa inayopiga noti kwa hatua zilizopangwa, na moduli pana ya kidijitali ya mwangwi, lakini VCA hakuna hata moja. Ninyi mnaofanya biashara hii mnajua kwamba osileta ya aina hii haisubiri noti ibonyezwe ndipo ilie. Hulia muda wote umeme ukiwa umewashwa, na volti inayotoka kwenye sikwensa hubadilisha kimo cha noti tu. Kinachoifanya noti ianze na ikome ni VCA inayofunguliwa na kufungwa na envelopu. Ikikosekana, hatua zote 8 za sikwensa hutoka zikiwa zimeshikana bila pumzi, na kuacha nafasi kati ya noti na noti, jambo ambalo ndilo msingi wa mdundo, kunakuwa hakuwezekani. Wapo wapenzi wa muziki wa mlio mmoja usiokatika, nao pengine wangeridhika, ila tangazo lenu halikuandikwa kwa ajili yao: linataja midundo na melodi.

Nilipouliza kuhusu hilo, mshauri wenu alinijibu kwamba niielekeze envelopu kwenye filta, ili filta ikifungwa sauti ipotee. Ushauri huo una ukweli nusu. Filta inayopitisha sauti za chini huanza kwa kukata sauti za juu, kwa hiyo noti nzito zinaendelea kusikika kwa mbali hata pale zinapotakiwa kunyamaza kabisa. Zaidi ya hapo, envelopu pekee iliyomo inamalizwa na kazi ya kuwasha na kuzima, na filta, ambayo ndiyo moduli bora katika seti nzima, haiwezi tena kuachwa wazi wala kufungwa nusu kwa kadiri mpigaji anavyotaka rangi ya sauti iwe. Nilinunua filta ili iwe filta.

Jibu lake la pili lilikuwa kwamba ninunue VCA na kuiongeza. Hapa ndipo nilipoona kwamba hakuna aliyepiga hesabu kabla ya seti kuingizwa sokoni. HP 1 ni milimita 5.08, na moduli mlizonipa zimejaza HP 82 kati ya 84, hivyo nafasi iliyobaki inazidi sentimita moja kidogo tu. Umeme nao umekwisha, tena ulikwisha kabla sijaongeza chochote: saplai ya kasha hili inatoa miliampia 500 kwenye njia ya volti +12, ilhali nikijumlisha matumizi yaliyoandikwa kwenye vijitabu vya moduli zenyewe ninapata miliampia 560, na 220 kati ya hizo zinaliwa na moduli ya mwangwi peke yake. Ndiyo sababu osileta zinahama kimo, na sikwensa mara nyingine hujizima na kuwaka upya pale kasha linapowashwa. Mshauri aliliita tatizo hilo la joto la chumba. Kwa kawaida mtu anayepanga kasha huacha sehemu kama moja ya tano ya uwezo wa saplai bila kutumika, kwa kuwa moduli nyingi huvuta umeme zaidi wakati wa kuwaka. Seti yenu, badala ya kuacha akiba, imeanza na deni.

Upungufu mwingine hauonekani hadi mtu aanze kuunganisha. LFO mliyoiweka inatoa volti kutoka -5 hadi +5, na tundu la kimo kwenye osileta hufuata kanuni ya volti 1 kwa oktava. Mtu akitaka mtetemo mdogo wa noti, kama wa mwimbaji, na akaunganisha moja kwa moja, noti inarushwa oktava 5 juu na kuburutwa oktava 5 chini. Kinachohitajika ni kipunguza volti, moduli isiyo na taa wala kioo na ambayo ikiwa ya aina rahisi haitumii umeme hata kidogo. Haikuwekwa. Vilevile hakuna moduli ya kutolea sauti nje: mawimbi ndani ya mfumo huu hufikia kama volti 10 kutoka kilele hadi kilele, kiwango kinachozidi mbali kile kinachopokelewa na mikseri au kadi ya sauti ya kawaida, na matokeo yake kila ninachorekodi kinapasuka.

Kuhusu kina cha kasha nitasema kwa ufupi. Sikwensa imetajwa kuwa na kina cha milimita 38 na kasha milimita 40, lakini kipimo cha sikwensa hakikuhesabu kichwa cha kebo ya umeme kinachochomekwa nyuma yake, kwa hiyo paneli imebaki imenyanyuka na skrubu hazishiki.

Lipo pia jambo la usalama. Soketi ya umeme nyuma ya moduli ya mwangwi haina ukingo wa kuzuia kebo kuchomekwa kinyume, wala hakuna alama inayoonyesha upande wa volti -12, ambao ndio upande wa mstari mwekundu wa kebo. Hakuna karatasi yoyote ndani ya boksi inayomweleza mgeni maana ya mstari huo, na kebo ikigeuzwa moduli inaweza kuungua papo hapo. Kwa bidhaa inayouzwa kwa wanaoanza, hilo halina udhuru.

Ninaomba mambo yafuatayo. Mwichukue moduli ya mwangwi, yenye upana wa HP 20, na badala yake mnipe VCA ya njia mbili ya HP 8, moduli ya kutolea sauti ya HP 6 na kipunguza volti cha HP 6, zote mnazo kwenye orodha yenu. Nafasi itatosha bila kubadilisha kasha, na matumizi ya umeme yatashuka hadi miliampia 400 hivi, ikiwa VCA na moduli ya kutolea sauti zitatumia miliampia 30 kila moja kama mlivyoandika. Tofauti ya bei irudishwe kwangu, na gharama ya usafirishaji wa kwenda na kurudi iwe juu yenu. Sikwensa ibadilishwe kwa yenye kina kinachoingia, au nipewe kasha lenye kina zaidi. Aidha, tangazo la seti liondolewe neno "kamili" hadi mpangilio utakaporekebishwa, na lionyeshe wazi jumla ya miliampia, uwezo wa saplai, na kina cha kila moduli kikiwa pamoja na kebo yake.

Naomba jibu la maandishi kutoka kwako mwenyewe, si kutoka kwa mshauri aliyeshughulikia maswali yangu ya awali. Moduli ya mwangwi nimekwisha kuifungasha katika boksi lake la awali, na ninasubiri maelekezo ya namna ya kuirejesha.

Wako,

(Sahihi)
Mteja

Viambatanisho: nakala ya risiti, picha za kasha na za soketi ya umeme, hesabu ya matumizi ya umeme, nakala ya majibu ya mshauri.