Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024, Kigoma

Ndugu wanachama,

Desturi inamtaka mwenyekiti ahesabu vikao, ashukuru waliotuazima ukumbi, kisha aombe ada. Ada nitaomba, msiwe na wasiwasi. Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina baada yangu. Mimi nina jambo moja lililonikaa kichwani mwaka mzima: kwa nini baadhi ya timu zetu za ubia huibua mambo mapya, na nyingine, zenye wasomi wengi na mikataba minene, hukaa zikisubiri maelekezo kutoka juu.

Kwa wanachama wapya, timu ya ubia ni wale watu wawili watatu kutoka kila kampuni wanaokutana kusukuma kazi ya pamoja. Mwenye boti na mwenye mashine ya barafu. Mkausha dagaa wa Kibirizi na mnunuzi wa Dar es Salaam. Mkamuaji wa mawese na mtengeneza sabuni. Hawa wanatumikia mabwana wawili, na wazo likizaliwa mezani pao kila bwana huuliza kwanza mwenzake atapata nini.

Mwaka huu Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi tangu 15 Mei hadi 15 Agosti. Ubia ninaousimamia mwenyewe, wa kukausha na kufungasha dagaa, una mkataba wenye kifungu cha mvua, cha mzigo kuchelewa, hata cha treni kukwama njiani. Cha ziwa kufungwa hakikuwepo. Wakubwa wakaanza kuandikiana barua. Timu iliendelea kukutana, nadhani kwa sababu mama ntilie alikuwa ameshalipwa chai ya miezi yote.

Kwenye kikao kimojawapo tulirudia ugomvi wetu wa zamani: mchanga. Mnunuzi alikuwa analalamika kwamba baadhi ya viroba vinafika na mchanga, sisi tunasema umeingia safarini. Binti anayetunza stoo yetu, ambaye huwa haongei, akasema, "Tuandike namba ya kichanja kwenye kila kiroba kwa maka peni. Mchanga ukionekana huko, tutajua dagaa wale walianikwa wapi." Nikamjibu mbele ya wageni kwamba tumeuza dagaa miaka yote na hakuna aliyewahi kutudai namba. Akafunga daftari lake. Kikao kile hakusema tena, na kilichofuata vilevile.

Aliyeliokoa wazo lile ni mwakilishi wa mnunuzi. Alimfuata stoo, akamwomba arudie taratibu, kisha akalipeleka kwa bosi wake mwenyewe kama jambo analolitaka yeye. Ziwa lilipofunguliwa tukajaribu viroba ishirini. Mchanga ulitoka kwenye vichanja viwili tu, vilivyo kando ya njia ya bodaboda. Tukavihamisha. Kazi ya asubuhi moja, baada ya kununiana kwa misimu miwili. Binti nilimwomba radhi, na leo nairudia radhi hiyo mbele yenu.

Wanaochunguza tabia ya ubunifu kazini huigawa mara tatu: kuibua wazo, kulitafutia watetezi, na kulitekeleza. Kwenye kampuni moja ugumu unaweza kuwa popote. Kwenye ubia, kwa nilivyoona, mawazo mengi hufia hapo katikati, na hupona yakipata mtetezi wa upande wa pili. Wazo langu nikilitetea mimi, mbia anasikia harufu ya faida yangu. Likitetewa na mtu wake, analisikiliza.

Lakini kabla ya mtetezi, lazima mtu athubutu kufungua mdomo. Amy Edmondson wa Harvard alichunguza timu za wauguzi katika hospitali za Marekani miaka ya 1990 akitarajia kwamba timu nzuri zitakuwa na makosa machache ya dawa. Akakuta timu zenye uongozi mzuri zimeandikisha makosa mengi zaidi. Alipofuatilia akaona kwamba huko watu hawakuogopa kuyasema. Niliposoma hayo nilikumbuka lile daftari lililofungwa.

Mfano mwingine mnao mifukoni. M-Pesa ilianza kama jaribio nchini Kenya mwaka 2005, kati ya Vodafone, Safaricom na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Lengo lilikuwa wakopaji walipe marejesho yao kwa simu. Watu wakaitumia kutumiana pesa, jambo ambalo halikuwa shabaha ya jaribio. Timu ingeweza kuwakemea warudi kwenye mpango. Badala yake ilifuata walikoelekea watumiaji, na mwaka 2007 huduma ikazinduliwa Kenya kama njia ya kutuma pesa. Mwaka 2008 ikafika kwetu.

Ndiyo maana kamati ilipendekeza kila timu ipewe fungu dogo la majaribio, hata laki mbili, lisilohitaji saini za makao makuu. Baadhi yenu mmekubali. Kampuni moja, sitaitaja, ilikubali kwa mdomo, kisha ikamkata mshahara kijana ambaye jaribio lake la vifungashio liliharibika. Tangu siku hiyo timu ile inaleta taarifa safi mno. Mimi taarifa safi namna hiyo huziogopa.

Wapo waliotaka tutoe zawadi kwa mbunifu bora. Nilisita, na bado nasita. Ukimzawadia mtu wa upande mmoja, wa upande wa pili atajiuliza wazo lilikuwa la nani. Kama ni zawadi, ipewe timu nzima, au tuache.

Mwakani tunataka watunza stoo, manahodha na wakausha dagaa waingie kwenye vikao vya ubia, wasiishie kutumwa chai. Ada haijapanda. Kikao cha kwanza tutakipanga siku za mbalamwezi, mitumbwi ikiwa imepumzika, ili watu wa mwaloni nao waweze kuja. Nauli ya bodaboda kila mtu ajitegemee.

Mwenyekiti